Naomba ushauri: hita haitoi joto na kioo cha mbele hakiondoki ukungu

Habari zenu wakuu. Ninaishi Njombe, ambako miezi ya Juni na Julai baridi haina mchezo, na gari langu dogo la mwaka 1998 linanisumbua kila alfajiri. Nikiwasha hita, feni inavuma vizuri katika hatua zote, lakini hewa inayotoka ni ya baridi, na kioo cha mbele kinabaki na ukungu hadi nalazimika kukifuta kwa kitambaa huku naendesha, jambo ambalo ni la hatari.

Nimechunguza mambo machache. Maji ya rejeta yamejaa. Mpira mmoja unaoingia kwenye hita ni wa moto, ule wa kurudi ni vuguvugu tu, na mshale wa joto haufiki katikati hata baada ya nusu saa barabarani. Fundi aliyeniuzia gari aliwahi kuniambia kwamba themostati (kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto) iliondolewa zamani "ili injini isichemshe". Zaidi ya hayo, ndani ya kioo kuna utando unaonata, wenye harufu tamutamu, nao ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote.

Je, nianze kwa kurudisha themostati na kusafisha rejeta ndogo ya hita (ile inayopitisha maji ya moto ya injini ili kupasha hewa ya ndani), au utando huo ni dalili kwamba rejeta hiyo imekwisha kuvuja? Fundi mwingine anashauri aunganishe mipira miwili ili kuiruka kabisa, ila nikikubali, ukungu nitautoa kwa kutumia nini?