Msaada: baba wa babu alivuka Zambezi, akapigana Majimaji, akakata mkonge Korogwe. Inawezekana?

Mjukuu_wa_Lizombe
Habari za jioni wakuu. Nakusanya historia ya ukoo kabla wazee hawajatuishia. Kwetu tunaambiwa baba wa babu alivuka Zambezi na Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, akapigana Majimaji, kisha akaja kukata mkonge Korogwe, ambako baba yangu alizaliwa 1951. Ushahidi nilionao ni kipande kimoja tu, kadi ya kazini, kimetunzwa kwenye kopo la majani ya chai. Karatasi ngumu, mende wameitafuna pembeni, ina vijumba 30 na vilivyopigwa alama ni 22. Jina la kwanza ni la ukoo wetu kabisa, la pili halisomeki. Nianzie wapi?

Kalamu_Butu
Anzia kwenye hesabu, mkuu. Zwangendaba alivuka Zambezi Novemba 1835, jua lilipopatwa. Majimaji ni 1905. Hata kama alivushwa akiwa mgongoni kwa mama yake, vita vilimkuta na miaka 70. Halafu huyohuyo akate mkonge? Hao ni watu watatu mmewavalisha kanzu moja.

FundiBaiskeli
Labda yeye maji ya Kinjikitile yalimkubali 😂

Mama_Ruvuma
Msimcheke, hata kwetu ziko hadithi za hivyo. Mwanangu, ukoo wenu ni upi? Kwenye falme zetu mbili za Wangoni, Gama walitawala Njelu, Tawete wakatawala Mshope, lakini wengi tunaoitwa Wangoni tulikutwa palepale Ruvuma tukamezwa. Ndiyo maana Kingoni cha Songea kinafanana na Kindendeuli kuliko Kizulu. Kwa hiyo jiandae, huenda hakuna wa kwenu aliyevuka mto wowote.

Ukifika Songea ingia Makumbusho ya Majimaji, usome kuhusu walionyongwa 27 Februari 1906. Usipoona wa kwenu haina maana hakupigana. Wajerumani walichoma vyakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na wa njaa hakuna aliyewaandika majina. Babu alibatizwa? Daftari la ubatizo parokiani huwa na jina la baba na kijiji. Ila misheni ya Peramiho ilichomwa 1905, usitegemee sana ya nyuma ya hapo.

Kalamu_Butu
Mama kamaliza. Na atakayekuja kukushauri upime vinasaba, mwambie vinasaba havijui kambi ya mkonge.

Mzee_wa_Hale
Mimi nimezaliwa kambini, hicho kipande nakijua. Ulifanya kazi siku 30 ndipo ukalipwa, hata kama zilichukua miezi miwili. Siku uliyougua au uliyotoroka kwenda ngomani, kijumba kilibaki kitupu. Hizo 22 zinaonyesha hakukimaliza, na hapo pana hadithi. Aliugua? Alihama shamba?

Jina la pili usilihangaikie sana, karani aliandika alichosikia. Tafuta namba. Tuliitwa manamba kwa sababu hiyo. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuajiri vibarua, ilianza 1944 na ndiyo iliyoleta watu kutoka majimbo ya mbali, kwa hiyo kama kuna muhuri wake umeshapata mwaka wa kuanzia. Kisha uliza alikaa kambi gani na jirani zake walikuwa kina nani. Watu wa kwao walikaa pamoja.

Mjukuu_wa_Lizombe
Asanteni sana. Ukoo wetu si Gama wala Tawete, Mama_Ruvuma, naona unakoelekea 😅

Nimempigia shangazi usiku huu, dada mkubwa wa baba. Nikamuuliza yule mzee wa Majimaji alifikaje Korogwe. Kanijibu: "Yupi? Maana babu yako alipewa jina la babu yake." Wa vita hakuwahi kutoka Songea. Wa kipande ni mjukuu wake, ambaye ndiye babu yangu mimi. Nikauliza na yule wa Zambezi. Kanyamaza kidogo, akasema hiyo walianza kuisikia kambini, jioni, wanaume wakiwa kilabuni.

Siku nane zilizobaki anazijua. Kasema haziongelei kwenye simu. Jumamosi napanda basi la Korogwe.