Mpini wa jembe nimeuchonga mwenyewe kwa mpera, niupake nini udumu?

MamaChausiku
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa mafundi seremala na wakulima wenzangu.

Wiki tatu zilizopita upepo uliangusha mpera wa nyuma ya nyumba, hapa Kilosa. Sikutaka wote uishie kuwa kuni. Nikachagua tawi lililonyooka, nikalibandua magome siku ileile, nikachonga mpini wa jembe kwa tezo aliyoiacha marehemu baba. Urefu ni mita 1 na sentimita 20 hivi, unene kama sentimita 4. Umelala uvunguni mwa kitanda, na kila nikiushika moyo unafurahi.

Ninaogopa kuuharibu kwa sababu yamenikuta mara mbili. Mpini mmoja niliununua sokoni, umepakwa vanishi unang'aa. Wiki ya kwanza ya palizi viganja vilijaa malengelenge. Masika yalipoanza vanishi ikabanduka kama magamba, maji yakakaa chini yake, mti ukawa mweusi. Uliofuata niliuchonga mwenyewe, nikaupaka oili chafu niliyopewa gereji. Bungua waliuingia vilevile, kila asubuhi nakuta unga mweupe sakafuni. Ulikatikia mkononi katikati ya kupanda, nikapoteza siku mbili na mvua ikinyesha.

Huu wa sasa mti wake aliupanda baba. Niupake nini? Na swali la pili: jembe likilegea kiangazi huwa naliloweka ndooni usiku kucha, linakaza. Ni sawa?

FundiRanda
Mama Chausiku, pole kwa yaliyokukuta na hongera kwa kazi ya mkono wako. Mpera ni mti mzuri sana kwa mipini: mzito, nyuzi zake zimeshikana, na unanepa kidogo bila kukatika.

Nitakujibu la kupaka, ila kwanza hilo la kukauka, kwa kuwa naona ndiko ulikoumia. Wiki tatu kwa mti wa unene huo ni chache. Ukipaka chochote sasa unayafungia maji ndani. Ukiuvisha jembe sasa, mti utasinyaa, na baada ya mwezi jembe linacheza.

Fanya hivi. Nenda nao dukani kwenye mizani, upime, andika uzito ukutani kwa chaki. Rudi kila wiki, mizani ileile. Utaona uzito unashuka sana mwanzoni, kisha kidogo kidogo. Wiki mbili zikifuatana bila kushuka, mti umekauka kwa kadiri ya hewa ya kwenu. Usiuanike juani hata siku moja, utapasuka. Uweke kivulini panapopita upepo, na ncha zote mbili zipake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Maji hutoka haraka mno kwenye ncha kuliko ubavuni, ndiyo maana nyufa huanzia huko.

La kuloweka jembe: acha. Mti ukilowa unavimba, lakini chuma hakitanuki, basi nyuzi zinajiponda zenyewe ndani ya tundu. Ukikauka unarudi mwembamba kuliko jana. Kesho utaloweka tena, na kila ukiloweka unaumaliza.

Mchikichini
Huku Kigoma mipini tunaipaka mawese. Inakuwa myekundu ya kupendeza, na mawese yapo kila nyumba. Kwa nini ahangaike na mengine?

FundiRanda
Ndugu yangu, mawese hayakosi faida, yanazuia maji kwa muda. Shida yake hayakauki. Kuna mafuta ambayo yakikutana na hewa yanageuka kuwa magumu ndani ya mti, na kuna yanayobaki mafuta milele. Mawese na nazi ni ya kundi la pili: jasho na mvua vinayaosha, yanachacha, na mkono unateleza. Alizeti yako katikati. Yanakauka nusu, mpini unanata, vumbi lote la shamba linakaa juu yake.

Yanayokauka vizuri ni mafuta ya kitani, yale wauza rangi wanayoyaita linsidi. Kuna mabichi na kuna yaliyochemshwa. Mabichi huchukua siku nyingi, hata wiki, kukauka. Haya yanayoitwa yaliyochemshwa siku hizi yametiwa dawa ya kuharakisha, na hewa ikiwa kavu siku moja au mbili zinatosha. Usinunue mabichi ukayachemshe jikoni kwako, ni hatari ya moto na dawa ile hutaipata kwa kuchemsha.

Mafuta haya hayakai juu kama ngozi ya vanishi, yanaingia ndani. Kwa hiyo hakuna cha kubanduka, na kiganja kinashika mti wenyewe. Vanishi inaziba, joto la mkono na jasho havina pa kwenda, ndipo malengelenge yanapotoka.

MwanaPangani
Nimekulia kwa mafundi wa majahazi. Wazee wetu mbao za juu walizipaka sifa, mafuta ya ini la papa, na chini ya maji wakapaka deheni ya chokaa na shahamu. Sifa ni kitu cha ajabu, ubao unakaa miaka na chumvi na jua vyote viko juu yake. Lakini mama, harufu yake haitoki mkononi hata kwa sabuni tatu. Kwa chombo sawa, kwa mpini unaoushika kutwa nzima sikushauri. Nimelisema ili mtu asije akakuletea chupa ya sifa kwa nia njema ukajuta.

Na wa Mtwara wakikwambia mafuta ya maganda ya korosho, kataa kabisa. Ni kweli wadudu wanayakimbia, ila yanaunguza ngozi mpaka inachubuka.

Mzee_Kibwana
Wanangu, mimi nina miaka 71 na nguzo za zizi langu nimezipaka oili chafu tangu ujana, mchwa hawajazigusa. Tena bungua huja kwa sababu ya kukata mti mwezi ukiwa mpevu. Mti hukatwa gizani. Binti yangu, huo wako uliangushwa na upepo, hukuchagua siku, kwa hiyo upake oili.

Spana13
Shikamoo mzee. Kwenye nguzo sikubishii. Ila mimi nimefanya kazi gereji miaka 9, na mikono yangu ilianza kupasuka na kutoa vipele, mpaka daktari akaniambia niache kuigusa oili iliyotumika bila glavu. Ile si mafuta tu, ina masizi ya injini na chembe za chuma, na ukiigusa kila siku kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi. Nguzo huishiki. Mpini unaushika saa sita kwa siku, na mkono huohuo unamega ugali.

Mzee_Kibwana
Marahaba mwanangu. Hilo la mkono sikulifikiria. Nakubali.

FundiRanda
Mzee wangu, shikamoo. La mwezi nimelisikia kwa wengi ninaowaheshimu. Ninaloliona mimi karakanani ni kwamba bungua hawa wa unga laini wanafuata wanga, na wanga upo kwenye ule mti mweupe wa nje, si kwenye kiini. Tawi la mpera ni jeupe karibu lote, kwa hiyo hatari ipo. Mama Chausiku alifanya vizuri kubandua magome mapema, kwani wadudu wengine hutaga chini ya gome.

WaEmbu
Sisi kwetu Kenya mti wa jembe tukishaukata tunauzamisha mtoni wiki kadhaa na jiwe juu. Maji yanautoa ule utamu unaowavuta wadudu. Baadaye unawekwa kwenye dari la jikoni juu ya mafiga, moshi unaukausha polepole. Nyanya yangu hakuwa na mpini ulioliwa. Wako umeshaanza kukauka, usirudi mtoni, ila dari la jikoni bado linafaa sana, mradi usiwe karibu na moto.

Kuhusu kulainisha: usianze na msasa. Chukua kipande cha chupa iliyovunjika chenye ukingo mkali, kifunge kitambaa upande wa kushika, kwangua kufuata nyuzi. Kinatoa maganda membamba kama karatasi na kuondoa alama zote za tezo. Kisha msasa namba 80, halafu 120. Hapo paka kitambaa chenye maji, acha ukauke. Utaona vinyuzi vimesimama kama ndevu. Vikate kwa msasa namba 180 na uishie hapo. Ukiendelea mpaka uwe kama kioo, mkono wenye jasho utateleza.

MamaChausiku
Asanteni jamani, na mzee Kibwana asante kwa moyo wako. Mpini nimeutoa uvunguni, uko darini jikoni. Leo mizani imesoma kilo 1 na gramu 580. Fundi, ukishakauka napakaje? Na kuna mtu ana nta ya nyuki ananipa bure, inafaa?

FundiRanda
Mkono wa kwanza changanya linsidi na tapentaini nusu kwa nusu, iwe nyepesi izame. Paka kwa kitambaa, subiri dakika 20, kisha ufute yote yaliyobaki juu. Ufute kwelikweli. Mafuta yakibaki juu yanakuwa utando wa kunata, utanilaumu bure. Kesho yake paka linsidi tupu, futa. Kesho kutwa tena. Ncha mbili na sehemu inayoingia kwenye tundu la jembe zipe mafuta mara nyingi zaidi, mpaka zikatae kunywa. Huko ndiko maji ya mvua yanakoingilia, na huko ndiko wengi wanakosahau.

Nta inafaa sana, ila ije mwisho. Sehemu moja ya nta kwa nne za linsidi, yeyusha kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiliweke juu ya moto wenyewe. Ikipoa inakuwa kama mafuta mazito ya kujipaka. Sugua kidogo, futa. Kila mwaka kabla ya mvua rudia mara moja.

Sasa nisome vizuri hapa. Vile vitambaa vya linsidi usivikunje wala kuvitupa kwenye lundo. Mafuta yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalificha mpaka kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Kwenye karakana niliyojifunzia tulikuta pipa la takataka linafuka moshi alfajiri, na jioni hatukuacha moto wowote. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Una watoto ndani, usilisahau hili.

MamaChausiku
Nimerudi baada ya wiki saba. Niliandika ukutani kama ulivyosema: 1,580, 1,400, 1,290, 1,220, 1,185, 1,170, 1,170. Ncha moja ilipasuka kidogo, kama urefu wa kucha, nikaikata. Kipande cha chupa kimenishangaza, sikujua kinaweza kulainisha mti namna ile. Mafuta nimepaka mara tatu na nta juu. Rangi yake imekuwa kama chai ya rangi.

Juzi nimelima nao tangu asubuhi hadi saa sita mchana. Hakuna lengelenge. Jembe halijacheza. Nikimaliza naufuta tope, nautundika kwenye msumari ndani, siuegemezi tena ukutani chini ambako mchwa wanapanda.

Tawi la pili la mpera liko darini, nataka liwe mpini wa shoka. Shoka letu ni la tundu na lazima nitie kabari. Naichonga kwa mti gani, na kabari nayo naipaka mafuta?

FundiRanda
Mungu azidi kukubariki, mama. Kabari chonga kwa mninga au mkongo, kipande kilichokauka kabisa, hata jikoni kwa mtu kilikokaa miaka kitafaa. Ikiwa mbichi itasinyaa kabla ya mpini na shoka litaruka, na shoka likiruka linaua. Usiipake mafuta kabari, wala kinywa cha mpini, kabla ya kugonga. Ziingie kavu kwa kavu ndipo zitashikana. Ukishagonga na kukata kilichozidi, hapo juu sasa mwagia linsidi mpaka mti ushibe.