Naomba ushauri: nimealikwa Finland kuzamia chini ya barafu, nijiandae vipi nikiwa Moshi?

Binti_Kibosho
Wakuu habari za jioni. Mimi ni muongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, nakaa Kibosho. Cheti cha kuzamia cha ngazi ya kwanza nilichukulia Zanzibar, kile cha kushuka hadi mita 18, na wageni wakipungua huwa nashuka Nungwi. Kuwa chini ya maji ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote.

Kuna mama wa Finland niliyempandisha Kibo, kwao ni mkufunzi wa kuzamia. Amenialika mwezi wa tatu. Wanatoboa barafu iliyofunika ziwa, wanashuka chini yake kwa kamba. Malazi na vifaa ni juu yake, nauli naitafuta mwenyewe. Nataka kwenda kwa moyo wote, ila nataka kwenda nikiwa tayari.

Nimewaza nifanye mazoezi Ziwa Chala, ndiyo maji ya karibu yenye kina. Wenzangu wa mlimani wananiambia mtu anayelala Barafu Camp na kufika kileleni alfajiri hawezi kusumbuliwa na baridi ya ziwa. Je, ni kweli? Waliopitia naombeni msaada.

Mzee_wa_Holili
Binti, shikamoo nimeipokea hata kama hujaiandika. Chala naijua tangu utoto. Ni shimo la volkano, kuta zimesimama, njia ya kushukia ni mawe yanayoteleza, na kina kinapita mita 90. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliuawa na mamba mle akiogelea. Wapo wanaosema mamba wameisha. Mimi mwanangu simruhusu. Tena ukipatwa na jambo chini pale, kumpandisha mtu hadi ukingoni ni kazi ya watu wengi, na hospitali iko mbali.

Mzamiaji_Tanga
Namuunga mkono mzee, na naongeza la kitaalamu. Chala iko karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ya pale ni kama asilimia 90 ya ule wa Nungwi, kwa hiyo ukishuka mita 18 mwili unahesabu kama umeshuka 20 baharini. Majedwali ya kawaida ya kuzamia, yale ya kina na muda salama, mwisho wake ni mita 300 za mwinuko. Kuanzia hapo unahitaji majedwali ya mwinuko au kompyuta ya kuzamia inayojirekebisha, pamoja na mkufunzi aliyesomea. Halafu ukitoka Chala unakwenda kulala Kibosho, yaani umepanda tena mamia ya mita huku naitrojeni, gesi ya kwenye hewa uliyovuta chini ya maji, bado iko mwilini. Hivyo ndivyo viputo vinavyozaliwa kwenye damu na viungo.

Na faida yenyewe haipo. Maji ya Chala hata chini kabisa yanazidi nyuzi 20. Baridi unayoitafuta haipo pale.

Jambo jingine, dada, kwa sababu ya kazi yako: ukitoka kuzamia Zanzibar usipande mlima haraka. Mapendekezo ya kuruka na ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukizamia mara nyingi au siku kadhaa. Mlima nao ni mwinuko. Geti la Marangu peke yake linapita mita 1,800. Mimi ningekupa siku nzima kabla hujashika mzigo.

Nesi_Majengo
Kuhusu baridi ya mlimani: hewa na maji ni vitu viwili. Maji yanachukua joto la mwili kwa kasi ya karibu mara 25 ya hewa. Kileleni unatembea, unatoa joto, unavaa majaketi. Kwenye maji ya nyuzi 2, ngozi ikiguswa ghafla mtu anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na vidole vinakufa ganzi mapema hadi kufungua kifungo kunakuwa shida. Kama una pumu, presha au tatizo la moyo, mwone daktari kwanza na umwambie wazi unakwenda kufanya nini.

Kaka_Tampere
Dada salaam kutoka huku. Naishi Finland na nimezamia chini ya barafu, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Suala la kwanza ni vyeti. Kwa PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, kozi ya barafu inataka uwe na miaka 18 na cheti cha ngazi ya pili. Wewe una ya kwanza. Maliza hiyo ya pili Zanzibar kabla ya safari.

La pili, na ndilo ninaloliwekea mkazo kuliko yote, ni suti kavu. Huku huvai ile suti ya mpira inayoingiza maji. Unavaa suti isiyoingiza maji kabisa, ndani yake nguo nzito, na unaijaza hewa kidogo kidogo kadiri unavyoshuka ili isikubane. Hewa hiyo ikikimbilia miguuni, inakugeuza kichwa chini na kukurusha juu. Chini ya barafu, juu hakuna pa kutokea. Mwombe mwenyeji wako ufike mapema, ufundishwe suti kavu kwenye bwawa la kuogelea, kisha kwenye maji ya wazi, ndipo barafu ifuate. Akikuambia vyote vitafanyika siku moja, kataa kwa heshima.

Tatu, regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia kinacholeta hewa kutoka mtungini. Hewa ikitoka kwenye mgandamizo mkubwa inapoa sana, unyevu unaganda ndani, vali inakwama wazi na hewa inamwagika yote. Ndiyo maana tunabeba regyuleta mbili, kila moja na vali yake kwenye mtungi, za aina ya maji baridi. Usiipumulie ukiwa juu kwenye baridi kali. Iweke mdomoni, zama, ndipo uvute. Theluthi moja ya hewa ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Tundu hukatwa la pembetatu, maana pembe zinakusaidia kushika na kutoka. Theluji iliyo juu ya barafu husafishwa kwa mistari inayoelekea tunduni, na ukiwa chini unaiona kama njia za mwanga. Kamba imefungwa mwilini mwako, juu yupo mshika kamba asiyefanya kazi nyingine yoyote, na pembeni mzamiaji wa akiba amevaa tayari. Ishara za kuvuta kamba hutofautiana kwa kila kikundi, zikaririni pamoja kabla. Kamba ikikatika, panda hadi kwenye barafu, simama wima hapo na usitangetange. Yule wa akiba atakuja na kamba ndefu kuliko yako, azunguke nayo mpaka ikuguse.

Cha ajabu, maji ya karibu na barafu ndiyo baridi zaidi. Chini kabisa ni karibu nyuzi 4, kwa sababu maji matamu huwa mazito kuliko yote kwenye nyuzi hizo. Na uwazi wake! Unaona mbali sana. Hutajuta.

Viza: omba mapema, unaruhusiwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Bima ya viza ni angalau euro 30,000, lakini soma maandishi yake, nyingi hazigusi kuzamia. Chukua ya kuzamia pembeni.

Binti_Kibosho
Wakuu Mungu awabariki, na mzee wangu wa Holili, shikamoo. Chala nimeiacha. Nimemwandikia mama usiku huu kumuuliza mambo matatu: kama anaweza kunipokea wiki moja kabla kwa ajili ya suti kavu, nani atakuwa mzamiaji wa akiba, na kama atanikubalia kubaki mshika kamba tu endapo suti itanishinda. Cheti cha pili nakwenda Nungwi mvua za vuli zikianza, wageni wakiwa wachache. Kaka wa Tampere, vipimo vya viatu na glovu za suti kavu natuma vya Tanzania au nipime kwa sentimita?

Kaka_Tampere
Sentimita. Pima ukiwa umevaa soksi nene mbili. Pima na shingo pia na kifundo cha mkono, maana pale ndipo maji hupenyea. Akikujibu, weka hapa tumsome.