Wanamuziki wapya wa kantri na folk wasio na lebo kubwa (kampuni ya kurekodi), nyie mnawatoa wapi?

MwanaMolo

Wadau habari zenu. Mimi nimekulia kwenye kantri, kwetu Jumapili redio ilikuwa haizimwi, Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Skeeter Davis, na mpaka leo mzee akiskia Don Williams anaacha chochote anachofanya. Hao siwaachi. Lakini wengi walishatangulia mbele za haki, na hii kantri ya sasa inayopigwa sana redioni Marekani, ya malori na bia, kwa kweli hainiingii kabisa.

Sasa nilikutana na Tyler Childers nikashtuka, kumbe bado kuna watu wanaimba na gitaa kavu na hadithi yenye kichwa na miguu. Kutoka hapo nikampata Colter Wall. Shida ni kwamba apu ya muziki ikishajua umempenda Childers basi inakuletea walewale kila siku, Zach Bryan, Stapleton, Childers, halafu inaanza upya. Mimi natafuta wale ambao hawajajulikana, wanaojirekodia wenyewe, mtu ana wasikilizaji elfu mbili tatu na anaimba mpaka nywele zinasimama. Mnawapata vipi? Na mkumbuke bando, siwezi kustrimu video mchana kutwa.

Fundi_Magita

Mkuu karibu sana, huu ndio uzi nilikuwa nausubiri humu.

Cha kwanza, apu usiiachie ikuchagulie. Fuata watu kwa watu. Chukua albamu unayoipenda usome nani alifanya nini ndani yake. Umemtaja Childers, ile Purgatory yake ya 2017 prodyuza mmojawapo ni Sturgill Simpson, mwimbaji mwenzake wa kantri, na ngoma zimepigwa na Miles Miller ambaye alikuwa mpiga ngoma wa Sturgill miaka mingi. Huyo Miller 2023 katoa albamu yake mwenyewe, anaimba taratibu na wala hapigi kelele, na watu wengi wanaomskia kila siku nyuma ya wengine hawamjui hata kwa jina. Halafu angalia nyimbo ambazo msanii wako hakuziandika. Kwenye albamu ya Childers ya 2023 kuna wimbo wa S.G. Goodman, binti wa mkulima kutoka Hickman, Kentucky, kule chini kabisa kwenye mto Mississippi. Nenda kamskize, ana sauti inayotetemeka kama ya mtu anayejizuia kulia, na anaandika kuhusu watu wa kijijini kwao bila kuwadharau na bila kuwapamba. Umeona? Kwa albamu mbili tu za mtu mmoja umepata wawili wapya, na apu haikukuonyesha hata mmoja.

Cha pili, chaneli za YouTube za watu wanaorekodi laivu kwa maiki chache. Western AF, iko Laramie, Wyoming. GemsOnVHS ya Nashville. Pale mtu anasimama barazani au porini na gitaa lake anaimba mara moja imeisha, upepo unasikika, mbwa anabweka, hakuna pa kujificha. Kama hajui kuimba utajua ndani ya mstari wa kwanza. Sierra Ferrell wa West Virginia, aliyekuwa anapiga muziki mitaani na kuwekewa sarafu, wengi wetu tulimjulia GemsOnVHS, na Februari 2025 kachukua Grammy nne usiku mmoja. Usiishie kwenye video zenye vyuu milioni, shuka chini kwenye zile zenye elfu nne, elfu sita, ndiko walipo hao unaowatafuta.

mama_Rehema

Mimi sikubaliani sana na Fundi kuhusu apu, samahani kaka. Apu inafanya kazi ila usianzie na msanii mkubwa. Ukimpa Childers itakupa wenzake Childers. Mpe mtu mdogo, tengeneza pleilisti ya nyimbo kumi na tano za watu wadogo watupu halafu uiache ijaze yenyewe, utashangaa. Mimi nimewapata wengi hivyo nikiwa napika.

KivuLexington

Jambo bandugu. Mimi niko Lexington, Kentucky, Wakongo tuko wengi sana hapa, Kiswahili unakisikia dukani na kanisani. Nafanya kazi ya ghala zamu ya usiku na redio ndiyo rafiki yangu, kwa hiyo nitasema ya redio.

Tafuta WMOT, redio ya Tennessee upande wa Nashville, wanapiga Americana, yaani kantri na folk na jamaa zake, kutwa nzima na wanastrimu bure. Ipo WDVX ya Knoxville, ilianza 1997 ndani ya kakaravani kadogo, na mpaka leo wana kipindi cha mchana ambapo wanamuziki wanakuja kupiga laivu mbele ya watu wanaokula chakula cha mchana, na hapo mwenye jina na asiye na jina wanapewa maiki ileile. West Virginia wana Mountain Stage, kipindi cha tangu 1983, unaweza kukidaunilodi kama podikasti. Redio inakula bando kidogo kuliko video, na kuna kitu kimoja redio hizi zinacho ambacho mashine haina: mtangazaji anakuambia huyu ni nani, katoka wapi, na kesho anapiga wapi.

Kitu kingine, angalia nani anafungua shoo. Hapa Lexington kuna ukumbi unaitwa The Burl, uko kwenye stesheni ya zamani ya treni. Watu wengi wanafika saa tatu usiku wakati mkubwa anapanda, mimi nafika mapema. Yule anayefungua anakuja peke yake na gitaa, watu ishirini wanamsikiliza, wengine wanaongea tu, na akimaliza anashuka anakwenda mwenyewe mezani kuuza CD zake na fulana, unamsalimia unamwuliza wimbo ule umeutunga wapi anakueleza. Wewe uko mbali huwezi kuja, lakini matangazo ya shoo yako mtandaoni. Fungua kalenda ya ukumbi mdogo wowote, acha jina kubwa, soma lile la chini lenye herufi ndogo, ukalitafute. Fanya hivyohivyo na orodha ya tamasha la AmericanaFest, hiyo ni Nashville kila Septemba, majina ni mengi mno, chukua matano kwa siku.

Chebet_K

Asanteni, nimesevu huu uzi. Naongeza wa nyumbani maana mnatafuta mbali na mmemruka wetu. Ondara, kazaliwa Nairobi, kakua anaskiza Bob Dylan na kwao hawakuwa na uwezo wa kumnunulia gitaa. 2013 akapata grini kadi ya bahati nasibu akaenda Minneapolis, na gitaa akalinunua kule kule, akaanza kuimba kwenye vile vikao vya baa ambapo yeyote anaandika jina anapanda. 2019 albamu yake Tales of America ikaingia kwenye uteuzi wa Grammy, kundi la Americana. Sasa fikiria, kuna miezi alikuwa mgeni tu anayeimba Jumanne usiku mbele ya watu wachache. Vikao vya namna hiyo viko kila mji kule na baa nyingine huwa zinarusha laivu Facebook, sauti si nzuri sana ila utamskia mtu kabla hajarekodi chochote.

Na kwa wale wanaodhani sisi tunaiga tu, Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa mwanzo wa kantri Marekani, alijulikana kwa Wakipsigis wa Kenya zamani kwa sahani za santuri, wakamtungia wimbo wakimwita Chemirocha, nusu mtu nusu swala, na Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka kurekodi nyimbo za Afrika, akaurekodi 1950. Mabinti wanaimba na kinubi, ni kitamu ajabu. Mtu anayependa folk akose huo? Hapana.

MwanaMolo

Jamani mmenifungua macho. Chebet huo wa Chemirocha nimeupata nikampelekea mzee, ameurudia rudia. S.G. Goodman nimemskiza asubuhi yote, Fundi Mungu akubariki. Sasa swali la mwisho, nikimpenda mtu kama huyu asiye na lebo ninunue wapi pesa imfikie yeye? Na bila kumaliza bando.

Fundi_Magita

Bandcamp mkuu, ile tovuti ambapo wasanii wanauza muziki wao. Wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, kuna makato ya malipo kidogo, inayobaki ni ya msanii au lebo yake ndogo. Na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa fulani fulani ambazo hawachukui hata hiyo 15, ukiweza subiri siku hiyo ununue. Tafuta kwa tegi, andika Americana au alt-country halafu ongeza mji, weka Asheville, weka Knoxville, weka Tulsa, upange kwa zilizoingia karibuni. Nyingine zina bei ya utakachotoa, hata sifuri inakubali ila toa hata dola mbili jamani, mtu kajirekodia sebuleni. Kwa bando ndiyo nzuri zaidi, unadaunilodi albamu ya MP3 mara moja, MB mia hivi, unaskiza mwaka mzima bila intaneti. Kenya si mna ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, jaribu hiyo kwenye malipo.

Ukitaka lebo ya kuifuata basi fuata Oh Boy, ya marehemu John Prine. Prine alikuwa posta anagawa barua huko nje ya Chicago huku anatunga nyimbo, baadaye akaona lebo kubwa hazimfai akafungua yake miaka ya 1980 mwanzoni. Korona ilimchukua Aprili 2020 lakini lebo ipo. Kelsey Waldon, Arlo McKinley, Emily Scott Robinson, wote wametoa albamu pale, na wanachagua mtu kwa maneno yake kwanza. Anza na Emily, vaa hedifoni, usifanye kazi nyingine.

KivuLexington

Naunga mkono Kelsey Waldon, ni wa Kentucky huku magharibi, kijiji kinaitwa Monkey's Eyebrow, si utani ndilo jina. Na mkuu ukishanunua mwandikie msanii kwamba uko Molo unamskiza. Hawa wadogo wengi wanajibu wenyewe, na mwulize yeye anamskiza nani siku hizi.

MwanaMolo

Nimeandikia mmoja tayari. Akijibu naleta majina hapa.