Tupeane uzoefu: unaendesha pikipiki ambayo kijiwe kizima hakuna mwenye nayo, ilikuwaje?

Mleta mada, Ujiji

Habari za jioni wakuu.

Leo mchana nilisimama pale Mwanga kununua vocha. Dogo mmoja wa bodaboda kanizunguka mara mbili, kainama kulia, kainama kushoto, mwisho akauliza: "Mzee, hii kiki yake iko wapi?" Nikamwambia itafute, ukiiona nakupa elfu mbili. Wakaja na wenzake. Elfu mbili yangu nimerudi nayo nyumbani.

Naendesha Jawa 350. Kijiwe chochote hapa Kigoma utakuta Boxer, TVS, Haojue na Honda mojamoja. Hao wamefanya hesabu zao vizuri: spea iko kila duka, fundi yeyote anaifungua akiwa anapiga soga, na ukikwama na ada ya mtoto unaiuza jioni hiyohiyo. Sasa sisi wengine tulikumbwa na nini? Sitaki ubishi wa pikipiki ipi bora, huo upo kila siku. Nataka uniambie yako ilikufikaje mkononi na kwa nini bado unayo.

Naanza mimi. Ilikuwa ya baba mdogo, naye aliinunua kwa padre mmoja mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Watu mtaani wanaiita "Java" wakidhani inatoka kisiwani huko Indonesia. Hapana, ni ya Prague, huko Ucheki, imeanza mwaka 1929. Jina ni vipande viwili vilivyounganishwa: Janeček, mwenye kiwanda, na Wanderer, Wajerumani waliomuuzia mchoro wa pikipiki yake ya kwanza. Injini ya kwangu ina silinda mbili na inakunywa petroli iliyochanganywa oili, nusu lita ya oili kwa lita 20. Ukisimama nayo Lumumba asubuhi ikiwa baridi, wenye maduka wanakohoa kwa makusudi ili uondoke.

Kuhusu kiki: ni mti huohuo wa gia, kushoto. Unausukuma kwa ndani, unaugeuza kuelekea nyuma mpaka usimame wima, unapiga. Injini ikishika unaurudisha mbele, unakuwa gia tena. Mtu asiyejua anaweza kukaa nayo mpaka Idi.

Na kuna aliyekaa nayo kweli. Miaka kadhaa nyuma niliamka alfajiri nikakuta haipo uani. Tumeifuata kwa alama za tairi, tukaikuta chini ya mwembe, mita kama mia nne kutoka nyumbani. Jamaa alishakata nyaya za swichi na kuziunganisha vizuri tu, fundi kabisa. Taa ya chaji ilikuwa bado inawaka kwa mbali, nyekundu ya kufifia, betri inakata roho. Mti wa gia kauacha nusu, si gia si kiki. Chini pamejaa vichungi vya sigara. Nikimfikiria alivyokaa pale akiitazama, namwonea huruma hadi leo.

Lakini wizi siyo sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba haiazimwi. Wenye familia kubwa mtanielewa. Kitu chochote chenye magurudumu nyumbani kwetu ni mali ya ukoo. Nilikuwa na Boxer, ilikuwa inakwenda Manyovu misibani bila mimi kujua nani kafa. Hii shemeji anakuja, anaitazama, ananisalimia, anaondoka kwa miguu.

Tatizo nililo nalo sasa: silinda ya kulia imeanza kutoa moshi mwingi na nguvu imepungua. Natafuta ringi za milimita 58. Dar nimeambiwa nisubiri, sijui nasubiri nini.

Karibuni.

Mdau wa Urambo

Mwangaluka mkuu. Mimi nipo Tabora huku kwenye tumbaku, nina Yamaha AG200. Si kwamba niliichagua dukani, niliikuta mnadani. Shirika moja lilikuwa linafunga mradi, wakapanga pikipiki ukutani, watu wote wakakimbilia zile zenye plastiki za kung'aa. Hii ilikuwa imechakaa rangi, ina kerea mbele na kerea nyuma kama punda. Nilishindana na mzee mmoja tu, naye aliacha mapema.

AG imetengenezwa kwa ajili ya shamba, na unaona mtu aliyeichora aliwahi kukaa shamba. Cheni yote iko ndani ya boksi, haionekani. Kwa mchanga wa huku kwetu hilo peke yake linatosha. Wenzangu wanabadilisha cheni na sproketi, mimi nafungua kile kizibo cha mpira nachungulia, naona bado iko safi, nafunga. Stendi za pembeni ziko mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo hata njia ikiwa imelala upande gani unaiegesha. Breki ni za shuu mbele na nyuma. Injini ni cc 196, haina haraka yoyote, lakini magunia ya mbolea inapanda nayo bila kulalamika.

Halafu ina kitu cha kufunga krachi. Unabana krachi, unasukuma kadude kadogo pale kwenye mkono, inabaki imebanwa hata ukiachia, unashuka ikiwa ndani ya gia. Ni kwa ajili ya kufungua mageti ya mifugo, kwa wenzetu wenye mageti. Mimi huku nimekitumia mara mbili tu kwa shida ya kweli. Mara nyingine zote ni watoto wamekibonyeza, nahangaika asubuhi nikidhani waya umekatika.

Wanaotaka kununua za mnada, sikilizeni hapa. Ukiona ina namba za mradi, za DFP, usilipe hata shilingi kabla hujaambiwa kwa maandishi kama ushuru umelipwa na kadi itatoka kwa jina lako. Mimi pikipiki nimeipata siku moja, kadi nimeifuatilia miezi kumi na moja. Katika hiyo miezi nilikuwa napita njia za msituni kama mwizi wa asali.

Mdau wa Gungu

Mimi nimekuja kuharibu sherehe. Nilichukua ya mkataba, jina silitaji, ukiliona kwenye tangi utadhani dawa ya mswaki. Tajiri aliipata kwa bei ya chini, akatukabidhi vijana watatu. Hesabu ya kumpelekea tajiri ilikuwa ileile ya Boxer. Mwezi wa nne ikafa kifaa kimoja ndani ya krachi. Kifaa cha elfu kumi na tano. Nimekaa wiki tatu nikisubiri, hesabu inasomeka kila siku na tajiri haelewi habari ya "haijafika". Wenzangu wanabeba abiria wa meli na treni, mimi nimekaa kwenye benchi nashika nafasi.

Kwa hiyo nyie wenye mishahara endeleeni kupenda vitu vya pekee. Anayekula kwa pikipiki anunue ile ambayo duka la jirani lina spea yake. Basi.

Fundi, Katubuka

Mdau wa Gungu una haki, ila tuelewane kitu kimoja. Kuna pikipiki isiyojulikana na kuna jina lisilojulikana, na hivyo ni vitu viwili.

Nusu ya hizo za Kichina zenye majina ya ajabu nikizifungua nakuta mtu ninayemjua. Honda walitoa CG125 mwaka 1976, wakaitengenezea watu ambao oili hawabadilishi mpaka ibadilike yenyewe. Valvu zinasukumwa na fimbo mbili, hakuna cheni ndefu ya kupanda juu kwenye hedi. Wachina wakaichukua, wakaitengeneza wee, kila kiwanda na stika yake. Kwa hiyo kijana akija hapa analia spea ya pikipiki yake haipo Tanzania nzima, mimi nafungua mfuniko, natoa pistoni, napima. Ikisoma milimita 56 na nusu, namtuma dukani akaseme "pistoni ya CG". Dakika kumi amerudi, kafura, ananiuliza kwa nini dukani hawakumwambia. Hawakumwambia kwa sababu aliwatajia jina la kwenye tangi.

Hiyo ya krachi ya huyu mdau huenda ilikuwa hivyohivyo. Wiki tatu zimeliwa na stika.

Sasa mzee wa Jawa, yako ni ile aina nyingine, kweli haijulikani. Naomba usikubali mtu akuwekee ringi za pikipiki ya kawaida hata zikilingana kipenyo. Injini yako ya kuchanganya oili ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na kwenye mfereji wa pistoni kuna kipini kidogo kinachoshika mdomo wa ringi usizunguke. Ringi isiyo na nafasi ya kipini ikizunguka, mdomo wake unanasa kwenye tundu na kuvunjika. Hapo hutatafuta ringi tena, utatafuta silinda. Nimeliona hilo kwa macho kwenye injini ya boti pale Kibirizi, vipande vilichora ukuta kama paka kakwaruza mlango.

Swali: ukitoka Manyovu ule mteremko unashukaje?

Mleta mada, Ujiji

Fundi umenigusa. Nashuka na gia kama wengine, moto nimefunga, yaani mkono wa petroli nimeuachia.

Fundi, Katubuka

Ndiyo hapo. Oili yako inaingia pamoja na petroli. Ukifunga moto kabisa na injini inazungushwa na mteremko, petroli haiji, na oili haiji. Pistoni zinazunguka kavu. Kila baada ya muda mfupi fungua moto kidogo, uusikie unavuta, kisha funga. Au bana krachi uache injini ipumzike, ila breki zako ziwe nzima. Baba yako mdogo hakukwambia?

Mleta mada, Ujiji

Alikuwa anafanya hivyo! Anashuka huku anapiga moto "ng'aa, ng'aa", sisi watoto nyuma tunadhani anaringa. Miaka yote hiyo. Pumzika kwa amani baba.

Mwalimu, Sikonge

Kaka zangu naona mmejaa wanaume tu. Mimi nina Honda Cub, ile ya kuingiza mguu katikati, tangi liko chini ya kiti. Dada yangu aliniletea akihama Dar, akasema ya kwake imekuwa ya kizamani. Huku mtaani wananiuliza ni ya Kichina ya kampuni gani. Natamani kuwajibu kwamba mwaka 2017 Honda walifikisha milioni 100 za hizi, hakuna chombo cha moto chochote kilichotengenezwa kwa wingi hivyo, ipo tangu 1958. Ila ukimweleza mtu hapa Sikonge kwamba pikipiki yenye watu wengi kuliko zote duniani ni hii asiyowahi kuiona, anakuangalia tu anakuacha.

Sababu yangu ni gauni. Zile zingine lazima nirushe mguu juu ya kiti mbele ya darasa la saba. Hii naingia kama ninavyoingia mlangoni. Haina krachi ya mkononi, gia nakanyaga kwa mguu, kwa hiyo mkono wa kushoto unashika mtandio. Ngao ya mbele inazuia maji ya madimbwi, nafika shule na miguu misafi.

Mchangani tusidanganyane, inayumba. Tairi ni nyembamba. Ila ni za inchi 17, si kama zile skuta za mjini zenye kigurudumu cha toroli. Kuna sehemu kabla ya kufika shule nashuka, naiweka gia ya kwanza, natembea nayo pembeni kama mbuzi. Wanafunzi wameshazoea, wanakuja kusukuma bila kuitwa, na anayesukuma siku hiyo anajiona kiranja.

Mdau wa Gungu

Mwalimu hapo kwenye mbuzi umeniua. Fundi, kesho nakuja na kile kifaa cha krachi, nimekihifadhi.

Fundi, Katubuka

Kilete. Na elfu kumi na tano usije nayo yote.

Mdau wa Kasulu

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Mzee wa Ujiji, hiyo pikipiki yako taa ya mbele ni ya mviringo, tangi lina vipande viwili vya mpira pembeni pa kubana magoti, na eksozi ziko mbili, moja kila upande?

Mleta mada, Ujiji

Ndiyo hiyohiyo! Umeiona wapi?

Mdau wa Kasulu

Kwa babu yangu, Heru Juu. Iko ndani ya banda la kuku, kuku wanatagia kwenye kiti. Haijawaka tangu nikiwa shule ya msingi, lakini injini anaitia oili kila mwaka na anaizungusha kwa mkono, haijaganda. Mimi nilikuwa najua ni takataka.

Njoo Jumamosi. Ila ukifika usianze na habari ya ringi, atakufukuza. Kuna mtu alikuja kuuliza bei ya chuma chakavu, mzee alichukua panga. Njoo na hiyo yako ikiwa inawaka, izime pale kwenye migomba, umsalimie, ukae. Akiuliza kiki iko wapi, ujue anakupima.