Bajeti ya kijiji imepungua milioni 9. Tukate wapi ili mzigo usiangukie rika moja?

Mjumbe wa Kamati (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua mipango na fedha za vijiji.

Kijiji chetu kipo mpakani mwa Iringa na Njombe. Mwaka wa fedha unaoishia Juni 2025 tulipanga milioni 31. Kwa 2025/26 makadirio yameshuka hadi milioni 22: fungu linaloteremka kutoka juu limepungua, na mradi uliokuwa unachangia afya umefungwa tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025. Matumizi yalikuwa hivi: chakula cha mchana shuleni 6,000,000; kadi za CHF (bima ya afya ya jamii) kwa kaya 120 za wazee, kila kadi 30,000, jumla 3,600,000; matengenezo ya maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe kwa mteremko) 4,000,000; barabara ya kijiji 5,400,000; umaliziaji wa nyumba ya mganga 7,000,000; posho za vikao na ulinzi 5,000,000.

Kamati ya fedha, uchumi na mipango imegawanyika. Wapo wanaotaka kila fungu likatwe asilimia 30, tuumie sawa. Vijana wanataka kadi za wazee zifutwe, kwa hoja kwamba wazee ndio wenye mashamba na vijana ndio wanaobeba msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji zisizo na malipo. Wazee nao wanasema tuuze msitu wa kijiji, ekari 40 za paini za miaka 9, mnunuzi yupo na hakuna huduma itakayoguswa.

Mkutano mkuu wa kijiji ni baada ya wiki mbili. Kipi ni haki kwa wote?

Hesabu Kwanza

Ndugu mjumbe, asilimia 30 kila mahali ni nyepesi kuhesabu, lakini haina usawa ndani yake. Posho ikipungua, mjumbe anaumia mwaka huu na mwakani unaweza kumrudishia. Fungu la maji likipungua, mwaka huu hakuna atakayelalamika. Deni linakua chini ya ardhi, na atakayelilipa ni mtoto aliye darasa la pili leo, ambaye hana kura kwenye mkutano mkuu kwa sababu hajafika miaka 18.

Angalia mradi wa mserereko wenyewe. Vinavyoachwa kwanza fedha ikipungua ni vidogo: kusafisha banio (pale maji yanapokingwa kwenye chanzo) na chujio, kufungulia vali za kutolea tope, kubadilisha boya linalofunga maji tanki la kupunguzia presha likijaa. Masika chujio lisiposafishwa kila wiki, mchanga unaingia bombani na kutua kwenye mabonde. Vali ya hewa ikikwama, hewa inajaa kwenye vilele na kitongoji cha juu kinakauka ingawa chanzo kina maji tele. Watu wakikosa maji wanatoboa bomba. Boya likifa, tanki linafurika usiku kucha. Mtu akilifunga kwa waya ili lisifurike, vitongoji vya mwisho havipati tone. Boya na vali ni gharama ya maelfu. Kufukua na kubadilisha mita 600 za bomba ni mamilioni.

Kila fungu liulizwe maswali matatu: nani ataumia likikatwa, kwa miaka mingapi, na je, hasara yake inarudishika? Anza na posho, maana wanaoamua makato wakionekana wamejikata kwanza, mkutano utasikiliza yanayofuata. Kisha kata kinachoweza kusubiri bila kuoza. Maji usiyaguse.

Fundi Lenta

Nyumba ya mganga inaweza kusubiri, ila si yote. Kama boma limefika lenta (mkanda wa juu ya milango na madirisha), pigeni paa kabla ya mvua za Novemba. Boma la tofali za kuchoma likinyeshewa msimu mzima bila bati, mistari ya juu inalainika na udongo wa kujengea unaoshwa, mwakani mnaanza kwa kubomoa. Dari, plasta na sakafu vikikaa mwaka mmoja haviharibiki. Milioni 3 kwa kenchi (mbao za kubeba paa), bati na fundi inatosha kwa nyumba ndogo ikiwa wananchi watasomba mchanga na mbao wenyewe.

Mtu wa Misitu

Hoja ya kuuza msitu ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu inaonekana haimuumizi mtu. Inamuumiza mtoto wa leo akifika miaka 20.

Paini ya miaka 9 bado ni mti mchanga. Sehemu kubwa ya mbao yake ni ile ya moyo, laini, yenye vifundo vingi. Ukiipasua na kuianika juani inajipinda kabla hujaipigilia. Mnunuzi analijua hilo, kwa hiyo anakadiria kwa macho na kununua msitu kwa mkupuo kwa bei ya mti mchanga. Mti huohuo ukifika miaka 18 hadi 20 unatoa mbao za kenchi, na bei ya mti mmoja inaruka mara kadhaa. Kuuza sasa ni kuchukua mkopo kwa riba kubwa na kumwachia mwanao alipe. (Na msije mkakata humo mbao za kenchi ya nyumba ya mganga, paa litapinda.)

Msitu unaweza kuwasaidia mwaka huu bila kuuliwa. Kwanza jueni mna miti mingapi. Chukueni kamba ya mita 8, mtu mmoja asimame katikati na ncha moja, mwingine azunguke na ncha ya pili. Miti iliyo ndani ya duara hilo ihesabiwe na kuzidishwa kwa 20, hiyo ni miti ya ekari moja. Fanyeni maduara 20 yaliyotawanyika, yasiwe pembeni mwa njia tu ambako miti hunenepa, kisha tafuteni wastani. Iliyopandwa mita 3 kwa 3 huanza na kama miti 450 kwa ekari. Mkikuta bado ipo 400 na zaidi, mmechelewa kupunguza. Ondoeni mmoja katika kila mitatu: iliyopinda, yenye ncha mbili, iliyofunikwa na wenzake. Hiyo inauzwa kama nguzo ndogo na kuni. Inayobaki inapata mwanga na kunenepa. Msimruhusu mnunuzi achague mwenyewe. Atachukua minene na kuwaachia vijiti. Wekeni alama ya rangi kwenye miti ya kutoka kabla msumeno haujaingia.

Jambo moja limenishtua: sioni njia za moto kwenye bajeti yako. Ekari 40 za paini na hakuna hata shilingi ya kufyeka mipaka! Kiangazi chetu kinakausha nyasi Julai hadi Oktoba, na watu wanachoma mashamba. Njia ya moto inatakiwa iwe imelimwa hadi udongo uonekane kabla Juni haijaisha. Tengeni hata 700,000 za chakula cha wanaofanya kazi na vifaa. Moto wa alasiri moja unamaliza kazi ya miaka 9.

Afya ya Jamii

Kwa vijana wanaotaka kadi za wazee zifutwe: fungueni daftari la kaya kwanza. Kadi ya CHF ni ya kaya, inachukua hadi watu sita. Kwenye mikoa hii bibi anayelea wajukuu si jambo la nadra. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa kwa wenye miaka 15 na kuendelea, wakati taifa lilikuwa 4.4. Nyumba nyingi zimekosa rika la katikati. Ukifuta kadi ya bibi umewafutia matibabu wajukuu watatu, na hao ndio kizazi ambacho vijana wanasema wanakitetea.

Kuna kinachoweza kukatwa kwa haki. Zipiteni kaya 120 kitongoji kwa kitongoji, mzee wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii wawepo. Mzee mwenye watoto wenye kipato au mwenye ekari za miti ya kuuza ajilipie 30,000. Anayelea yatima, anayeishi peke yake, mlemavu, abaki. Majina yasomwe mkutanoni, na aliyeondolewa apewe siku 14 za kukata rufaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa matibabu unawahusu wasiojiweza. Umri peke yake hautoshi kuwa kigezo.

Kijana wa Kitongoji

Nakubali hoja ya wajukuu. Ila msaragambo nao una thamani, mbona hauandikwi? Kijana anachimba mtaro siku 12 kwa mwaka, na mwenye ekari 30 aliye mjini hachangii kitu. Halafu kuna aliyesema tuombe ile asilimia 10 ya halmashauri iingizwe kwenye zahanati.

Hesabu Kwanza

Hiyo asilimia 10 ya mapato ya ndani ipo kwa mujibu wa sheria ya fedha za serikali za mitaa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Kijiji hakina mamlaka ya kuigeuza kuwa bati.

Kuhusu msaragambo uko sahihi kabisa. Andikeni siku ya kazi kama mchango, kwa thamani ya kibarua cha kijijini kwenu, kila kaya iwe na ukurasa wake. Anayechimba amelipa. Asiyeweza kufika, akiwemo mwenye shamba aliye mjini, alete fedha ya siku zilezile. Waliopita miaka 60, wagonjwa na wanafunzi wasidaiwe. Lakini mkitaka kumdai mtu kwa nguvu lazima iwe sheria ndogo: ipite mkutano mkuu na iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Bila hivyo ni hiari, na mtendaji akikamata mbuzi wa mtu atawaingiza kwenye kesi. Msibuni pia ushuru wa mazao. Huo ni chanzo cha halmashauri.

Lishe na Ghala

Chakula cha shule: mnanunua mahindi lini?

Mjumbe wa Kamati

Februari, fedha ikishaingia. Gunia 40 kwa 85,000. Agosti hapa lilikuwa 50,000. Na kuni tunanunua kama za 400,000 kwa mwaka.

Lishe na Ghala

Basi makato yenu yapo hapo, bila mtoto kupunguziwa kijiko. Gunia 40 Februari ni 3,400,000. Agosti ni 2,000,000. Ongezeni mifuko 40 ya PICS (ya kuhifadhi nafaka bila hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani) kwa kama 5,000, yaani 200,000. Mmeokoa 1,200,000. Kuni zitoke kwenye matawi na miti ya kupunguza aliyosema Mtu wa Misitu, 400,000 nyingine.

Ila mahindi yakiingia kwenye mfuko huo yakiwa mabichi yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Pimeni kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi robo ya chupa, vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa, tikiseni dakika chache, acheni itulie. Chumvi ikigandia ukutani, yarudi juani. Mifuko ile miwili ya ndani ifungwe mmoja mmoja, hewa ikiwa imekamuliwa. Mfuko uliotobolewa na mwiba au panya haufanyi kazi, pangeni juu ya mbao mbali na ukuta.

Nyongeza ndogo lakini nzito: utafiti wa 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe kwa watoto chini ya miaka 5, taifa likiwa 30. Hapa kwetu penye mahindi! Udumavu unaamuliwa siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba. Uji wa shule unamsaidia mtoto kusoma, lakini hauurudishi urefu uliopotea. Siku za kliniki zisiguswe na makato yoyote.

Mjumbe wa Kamati

Nimepiga hesabu upya. Posho 5,000,000 zishuke hadi 2,600,000, ulinzi wa usiku ubaki, vikao vya ziada vifutwe. Nyumba ya mganga 3,000,000, paa tu. Chakula 4,400,000. Kadi kaya 90, yaani 2,700,000, nikikadiria 30 watajilipia. Barabara 4,600,000, mitaro ichimbwe kwa msaragambo unaoandikwa. Maji 4,000,000 kama yalivyo. Njia za moto 700,000. Jumla 22,000,000. Fedha za miti ya kupunguza sijaziingiza.

Hesabu Kwanza

Vizuri kutoziingiza. Zifunguliwe ukurasa wake: nusu irudi msituni, nusu iwe akiba ya maji, na muhtasari wa mkutano useme hivyo kwa maandishi.

Tazama kalenda lakini. Mahindi yanataka 2,200,000 Agosti, na paa linataka 3,000,000 kabla ya Novemba. Njia za moto haziwezi kusubiri bajeti mpya, zinataka fedha mwezi huu. Ombeni mkutano uzitoe kwenye salio la mwaka huu. Kama makusanyo ya robo ya kwanza hayatafika 5,200,000, posho zote zisubiri Januari. Hilo lipitishwe kabisa kama azimio, maana kwa kawaida posho ndiyo inayochotwa kwanza.

Afya ya Jamii

Na ile kaya 30 usiiseme mkutanoni kama lengo. Mkianza na namba, kamati itatafuta wazee wa kuijaza. Piteni nyumba kwanza. Wakipatikana 18 tu, hiyo 360,000 inayopungua itoke kwenye posho.

Mjumbe wa Kamati

Nimeelewa. Kesho naanza na daftari la kitongoji cha juu, ndiko walipo wengi wanaolea wajukuu. Nitaleta idadi hapahapa kabla ya mkutano.