Mitihani ya kupima waandishi mtandaoni inatuonea, haipimi uandishi!

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Nimevumilia vya kutosha, leo naomba niseme. Hizi kampuni zinazotafuta waandishi wa kujitegemea mtandaoni zinatuonea na mitihani yao. Eti zinapima upana wa mwandishi, yaani uwezo wa kuandika kwa namna mbalimbali, na kujiamini kwake. Upana gani? Maswali 40 kwa dakika 40, chagua A, B, C au D, huku saa inarudi nyuma kwa rangi nyekundu juu ya kioo. Tahajia ya Kiingereza cha Uingereza uliyofundishwa shuleni inahesabiwa kosa, maana majibu yao ni ya Kimarekani. Mtandao ukikwama katikati ya swali (na huku unakwama kweli), muda unaendelea kwenda, ukirudi unakuta umeshafelishwa.

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, niliandika jambo hilohilo kwa namna tatu. Kwanza tangazo la kusomwa mwaloni Kibirizi, sentensi fupifupi, kwa mvuvi anayejua tangu utotoni kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Huyo huwezi kumfundisha ziwa lake, unamwambia tarehe na sababu, basi. Halafu makala ya Kiingereza kwa msomaji wa nje, ambaye lazima kwanza aelezwe kwa nini watu wanavua usiku na taa. Na maandishi ya redio, ambayo niliyasoma kwa sauti na kuyakata mpaka kila sentensi ikaingia kwenye pumzi moja. Mtu akizisoma zote tatu atajua naweza nini na nayumba wapi. Huo ndio upana. Niliziambatanisha zote na maombi yangu.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni swali la mwisho la mtihani: unajiamini kiasi gani katika uandishi wako, 1 hadi 10? Nikaweka 7, kwa sababu anayeijua kazi hii anajua pia kwamba kuna aya moja inaweza kukunyima usingizi. Jibu likaja: wanataka waandishi wanaojiamini zaidi, nisubiri miezi 6 ndipo niombe tena.

Jamani! Mwaka 1999 Kruger na Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi mitihani, mmojawapo wa sarufi ya Kiingereza, kisha wakawauliza wanadhani wamefanyaje. Waliofanya vibaya kabisa ndio waliojipandisha kupita kiasi, na waliofanya vizuri zaidi walijishusha. Jambo limejulikana miaka yote hiyo, na bado mtu mzima anakaa ofisini anaweka swali la namna hiyo liamue nani ale na nani alale njaa.

Kuna kijana wa hapa mtaani Mwanga aliweka 10, akapita. Sasa jioni ananiletea makala zake nimsahihishie kabla hajazituma, ananiachia hela ya bando. Simlaumu, dogo anatafuta riziki kama mimi. Nawalaumu waliompitisha yeye wakanifungia mimi, halafu wanalipia kalamu yangu bila kujua.

Kama wanataka kupima kweli, watoe jambo moja, waagize vipande viwili vifupi kwa wasomaji wawili tofauti, walipe hata dola chache, na mhariri avisome. Na wasilete ule mtindo wa sampuli ya bure ya maneno 1,000 ambayo baadaye unaikuta imechapishwa bila jina lako. Huo ni wizi, nao nitaufungulia uzi wake.

Zile kazi zangu tatu nilizituma kwa kiungo kinachohesabu waliofungua. Mpaka naandika hapa kinasoma sifuri. Yaani walinikataa bila kusoma hata mstari mmoja. Wengine mliopita kwa hawa watu, kazi zenu zilisomwa?